Ndoo ya Maji ya Moto: Nyumba ya Wageni ya Familia na Uhai wa Milima ya Manyovu

Mgeni afikapo Manyovu jioni, awe mfanyabiashara anayesubiri kuvuka kwenda Burundi asubuhi, au dereva wa lori, au mtumishi wa serikali aliyetumwa kukagua shule, huuliza mambo mawili hata kabla ya kuuliza bei ya chumba: kama kuna chakula, na kama kuna maji ya moto. Swali hilo la pili si la anasa. Milima hii iko juu sana kuliko Ziwa Tanganyika, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku humfanya hata mwenyeji atafute blanketi la pili. Mwenye nyumba hujibu, "Yapo, karibu." Makala haya yanahusu jibu hilo fupi na gharama yake.

Mama yangu mdogo, pamoja na mumewe na watoto wao, huendesha nyumba ya wageni yenye vyumba vinane huko Manyovu. Nilipowatembelea wakati wa likizo ya chuo, baada ya kumwamkia na kuulizana habari za nyumbani, alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha miti iliyosalia katika shamba dogo alilopanda babu kandokando ya bonde lenye chemchemi. Akasema, "Mwanangu, wewe umesoma mpaka Ulaya. Niambie basi, hii nayo tuikate?"

Nilitaka kumjibu papo hapo kwamba hapana. Lakini mtu aliyefundishwa sayansi hana ruhusa ya kusema hapana kabla hajajua kitu kinachoombwa kina kazi gani. Kwa hiyo nilimwuliza miti ile inakatiwa nini hasa. Yeye alidhani ni kwa ajili ya kupikia. Tulipokaa na daftari usiku ule tukagundua kwamba sehemu kubwa ya kuni zake haziishii chini ya sufuria ya chakula. Zinaishia chini ya pipa la maji ya kuoga.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nililala katika hoteli kadhaa ambazo zilijisifu kwamba zinahifadhi mazingira. Ushahidi wake ulikuwa kadi ndogo bafuni, ikimwomba mgeni atumie taulo lake siku mbili. Sidharau jambo hilo, maana hata taulo hufuliwa kwa maji na nishati. Lakini naona hatari moja: kwamba sisi nasi tutaiga kadi badala ya kuiga hesabu iliyoizaa. Hifadhi ya mazingira katika nyumba ya wageni ya Manyovu haiwezi kuanza na taulo. Hapana budi ianze na ndoo.

Hesabu ya ndoo moja

Tuchukue ndoo yenye lita 15 za maji ya kuoga. Ili kuyapasha kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 43 za sentigredi, yaani kuyaongezea nyuzi 25, zinahitajika kilojuli 15 mara 4.2 mara 25, ambazo ni karibu 1,575. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina kiasi cha kilojuli 16,000. Kwa hesabu hiyo kilo moja ingetosha ndoo kumi. Lakini tunajua kwamba haitoshi, na sababu yake ni mafiga matatu. Moto wa mafiga huupa maji sehemu ndogo tu ya joto lake, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 15. Joto lililobaki hupasha upepo, ukuta na uso wa mpishi. Tukichukua sehemu moja katika nane, kilo ya kuni hutoa kilojuli 2,000 zenye manufaa, na ndoo moja humaliza karibu gramu 800 za kuni.

Sasa wageni kumi wakioga mara moja kwa siku, nyumba hutumia kilo 8 za kuni. Kwa mwaka mzima ni kilo 2,920, yaani karibu tani tatu. Wageni wakioga jioni na asubuhi, hesabu huongezeka maradufu. Na ikiwa mwenye nyumba anatumia mkaa akidhani kwamba ameepuka kukata miti, basi ajue kwamba matanuri yetu ya kienyeji ya kuchomea mkaa hudai kati ya kilo tano na kumi za mti ili kutoa kilo moja ya mkaa. Mkaa huuficha mti uliokatwa, haumwokoi mtu na kuukata.

Hizi tani tatu si za nyumba moja tu. Tangu barabara ya lami kutoka Kigoma ilipofika mpakani, wasafiri wameongezeka, na nyumba za wageni nazo zimeongezeka. Aidha nchi hii ya Kasulu, Kibondo na Buhigwe imepokea wakimbizi kwa vipindi virefu: kutoka Burundi mwaka 1972, kisha 1993, kisha 2015, na kutoka Kongo tangu mwaka 1996 ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu. Kila familia iliyopokelewa ilihitaji kuni za kupikia. Lakini si haki kuwatupia wakimbizi lawama zote. Tumbaku inayokaushwa kwa moto, matofali ya kuchoma tunayojengea nyumba zetu, mkaa wa mjini na pipa letu la maji ya kuoga, vyote vimekula katika msitu ule ule.

Vilima vinapobaki uchi, udongo haukai mahali pake. Mto Malagarasi huanzia katika milima hii ya mpakani, na pia maji yanayoteremka upande wa ziwa hubeba tope la mashamba hadi kwenye mazalio ya samaki. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyo ya kwanza nchini Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, hutegemea maji yanayotoka juu. Mti unaokatwa Manyovu ili mgeni aoge unamhusu pia mvuvi ambaye hajawahi kufika Manyovu.

Kwanza kisichohitaji fedha

Nimewasikia wataalamu wakishauri wenye nyumba ndogo kama hizi wanunue mitambo ya thamani. Mimi nasema mtambo uje mwisho. Kuna mambo ambayo yanahitaji akili na nidhamu tu, na faida yake huonekana katika mwezi wa kwanza.

La kwanza ni kukausha kuni. Kuni mbichi huweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake. Kila kilo ya maji hayo hunyakua zaidi ya kilojuli 2,200 ili igeuke mvuke, na joto hilo hupotea pamoja na moshi mzito unaowaumiza macho wapishi. Kuni zikipasuliwa, zikapangwa chini ya upenu na kuachwa miezi kadhaa ya kiangazi, mti ule ule hutoa joto zaidi. Anayenunua kuni mbichi huwa ananunua maji kwa bei ya kuni.

La pili ni mfuniko, na la tatu ni jiko. Jiko la udongo lililojengewa kuta, lenye mdomo mdogo wa kuingizia kuni na lililokumbatia sufuria, laweza kufikisha asilimia 25 ya joto kwenye maji, yaani mara mbili ya mafiga. Fundi wa kijijini hulijenga kwa udongo wa kichuguu, majani na matofali. Wenzetu wa Kenya walithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa jiko lao la mkaa lenye utando wa udongo ndani na bati nje, kwamba kifaa bora huweza kutengenezwa na mafundi wetu wa kawaida wa mabati na wafinyanzi, bila kungoja kiwanda kikubwa. Tani tatu zikiwa tani moja na nusu, tumekwisha kuokoa nusu ya miti ya babu pasipo kukopa senti.

La nne linahusu maharage, ambayo ndiyo chakula kikuu cha wageni wengi huku. Wapishi wa milimani husema kwamba maharage ya huku ni magumu. Kosa si la maharage. Kadiri tunavyopanda juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Katika kimo cha mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kuongeza kuni hakusaidii chochote, kwa maana maji yakishachemka hayazidi joto hilo. Moto mkubwa huongeza mvuke tu. Dawa yake ni kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria na kupunguza moto mara yanapoanza kuchemka. Mwenye uwezo na anunue sufuria ya presha, ambayo huuzuia mvuke ndani na kupandisha joto hadi karibu nyuzi 120. Huo ndio ununuzi ninaoupendekeza kabla ya jokofu na kabla ya televisheni.

Jua la mchana kwa ajili ya jioni

Baada ya hayo ndipo tufikirie mtambo wa jua. Katika sehemu kubwa ya Tanzania kila mita moja ya mraba hupokea kati ya uniti 4 na 7 za nishati ya jua kwa siku. Tukichukua 5, hizo ni kilojuli 18,000. Bamba jeusi la kupashia maji lililofunikwa kwa kioo hunasa kiasi cha asilimia 40 ya joto hilo. Bamba la mita mbili za mraba basi hutoa kilojuli 14,400 kwa siku, ambazo ni ndoo tisa. Ndoo tisa, kwa nyumba yenye wageni kumi!

Ufundi wake hauna siri. Maji yaliyopata joto huwa mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hupanda yenyewe kutoka kwenye bamba kwenda kwenye tangi lililowekwa juu yake, na maji ya baridi huteremka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala umeme. Sharti ni mawili: tangi liwe juu ya bamba, na lifunikwe kwa kitu kisichopitisha joto.

Asiyeweza kununua mtambo kamili aweza kuanza na pipa lililopakwa rangi nyeusi, lililolazwa katika sanduku lenye kioo na kuelekezwa juani. Kasoro ya pipa ni kwamba hupoa usiku. Lakini hapa ndipo familia inapoishinda hoteli kubwa, kwani mwenye nyumba humpokea mgeni mwenyewe. Msafiri hufika jioni akiwa na vumbi la njiani. Akiambiwa kwa heshima, "Maji ya moto yako tayari sasa, karibu uoge kabla ya chakula," ataoga wakati jua lilipokwisha kuyapasha, wala hatadai ndoo saa kumi ya alfajiri. Desturi njema ya nyumba yaweza kuokoa kuni kama mtambo.

Sitaki nimdanganye msomaji. Siku za mawingu mazito jua halitatosha, na nyumba hapana budi iwe na jiko bora kama akiba. Umeme nao waweza kusaidia: kilojuli 1,575 za ndoo yetu ni kama uniti 0.44, na kila mwenye nyumba ajizidishie kwa bei anayolipa. Mkoa wa Kigoma, uliotegemea kwa muda mrefu mitambo ya dizeli, umeanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa katika miaka hii ya 2020, na taifa limejenga bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini nyaya za kuchemshia maji zinazotumbukizwa katika ndoo zimewajeruhi watu wengi, na sizipendekezi mikononi mwa mgeni mwenye usingizi.

Mvua ya paa, na choo

Milimeta moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja kamili. Milima hii hupata milimeta 1,000 au zaidi kwa mwaka. Paa la bati la mita 100 za mraba basi hupokea lita 100,000, na hata tukitoa moja ya tano kwa yale yanayorukia nje, zinabaki lita 80,000. Wageni kumi wakitumia lita 40 kila mmoja, nyumba huhitaji lita 400 kwa siku. Tangi la lita 10,000 hushika maji ya siku 25, nalo hujazwa tena na tena tangu Novemba hadi Mei.

Ni kweli kwamba tangi hilo halitavuka miezi minne ya kiangazi, ambayo inadai lita 48,000. Lakini kwa miezi mingine yote mtoto wa nyumba hatabeba dumu kutoka bondeni kabla ya kwenda shule, na chemchemi itapumzika. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, maana husafisha vumbi na kinyesi cha ndege kilichokauka juu ya bati. Yaliyotumika kuogea yaelekezwe kwenye migomba, ambayo huyapokea kwa shukrani.

Kuhusu choo, kanuni ni fupi: shimo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani au kwenye chemchemi, na liwe upande wa chini wa mteremko. Mwezi wa Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, ukingoni mwa ziwa, kati ya maelfu ya watu waliokuwa wamekimbia kutoka Burundi. Nyumba ya wageni ya mpakani hulaza watu kutoka kila upande. Uchafu wake ukiingia katika chemchemi, hakuna kadi ya taulo itakayoisafisha.

Gesi, sheria na haki

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kurudi nyuma, na kwamba jibu ni gesi. Serikali ilitangaza Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono lengo hilo bila kusita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wanaovuta moshi huo ni mama zetu na watoto waliobebwa migongoni mwao. Mtungi wa gesi jikoni ni ukombozi wa mapafu.

Lakini tutofautishe kupika chakula na kupasha maji ya kuoga. Gesi inayofika Manyovu imesafiri zaidi ya kilometa 1,200 kutoka pwani, na kila kilometa imo katika bei yake. Kuitumia kwa kupata maji ya nyuzi 43, joto ambalo jua hulitoa bure juu ya bati, ni kama kukodi lori kubeba mkungu mmoja wa ndizi. Gesi iende kwenye chakula. Jua liende kwenye ndoo. Nyumba itakayofuata mgawanyo huu itaweza kumudu mtungi, na nyumba itakayolazimishwa kufanya yote kwa gesi itarudi kwenye kuni kwa siri.

Naomba pia tukumbuke mafunzo ya nyuma. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 haikufaulu kwa sababu ya amri. Ilifaulu kwa sababu watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. "Misitu ni Mali" ya mwaka 1980 ilifuata njia hiyo hiyo. Hapa Kigoma penyewe, mradi wa TACARE ulioanzishwa mwaka 1994 na taasisi ya Dakta Jane Goodall ulitambua kwamba msitu wa Gombe hautasalimika ikiwa wanavijiji wanaouzunguka hawana kuni, maji na kipato. Wenye nyumba za wageni wa Manyovu wanaweza kufanya vivyo hivyo: wakutane, wapime kuni zao kwa mizani, walinganishe madaftari, na wamlete fundi mmoja awajengee majiko wote. Wachache wakianza, chuo kikuu chochote chenye moyo kitaona haya kutowatuma wanafunzi wake kusaidia.

Jibu la swali

Nguvu ya nyumba ya familia haiko katika mtaji. Iko katika muda. Meneja wa kuajiriwa huhesabu faida ya mwaka huu, kwa kuwa mwakani huenda atakuwa kwingine. Familia hunywa maji ya chemchemi ile ile inayowapa wageni, na watoto watakaorithi vyumba vinane watarithi pia kilima kilicho nyuma yake. Kwa hiyo hesabu ya miaka ishirini, ambayo kwa kampuni ni maneno ya mikutano, kwa mama mdogo ni hesabu ya kawaida ya mzazi.

Nilimjibu hivi. Miti iliyo karibu na chemchemi isikatwe hata mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na hata kama sheria isingekuwapo, chemchemi yenyewe ingemhukumu. Miti ya kuni ipandwe upya mbali na bonde, kwenye mgongo wa kilima usiofaa kwa maharage, na mikaratusi isisogezwe karibu na maji kwa kuwa ina kiu kubwa. Jiko lijengwe kabla ya mvua. Sufuria ya presha inunuliwe kwa fedha ambazo zingenunua kuni. Mtambo wa jua ungoje mpaka daftari lionyeshe kwamba nyumba inaweza kuulipia.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mgeni akitaka ndoo ya alfajiri?"

Nikamwambia apewe, maana mgeni ni mgeni. Ila apashiwe juu ya jiko jipya, kwa kuni kavu, na mfuniko ukiwa juu. Mama mdogo aliinuka, akamwita binti yake alete mizani ya kupimia kahawa, na kabla sijaondoka Manyovu safu ya kwanza ya daftari ilikuwa imekwisha kuandikwa. Miti ya babu ingali imesimama. Wasomaji wenye nyumba kama hiyo, popote walipo katika milima yetu, nawasihi waanze kwa mizani.